Usingizi Niliojaza Ijumaa

Katika kitengo cha watoto wenye ulemavu wa akili nilikuwa mwalimu, mpishi wa uji na mfua kaptula zilizochafuka. Mwalimu mkuu akipita dirishani alisema, "Madam, hawa mama yao ni wewe." Akirudi ofisini alinidai maandalio ya somo kana kwamba sikushinda nikitawaza watoto. Alinichefua, na simung'unyi maneno.

Usingizi ukanikimbia. Daktari wa mjini akanielekeza tiba ya kwenye simu: kwa wiki sita, kila asubuhi nijaze nimelala saa ngapi na nimeamka mara ngapi, nayo inipangie saa ya kulala. Siku nne nilijaza kwa uaminifu. Ya tano nilikuwa na mtoto wa kuogesha kabla ya kengele, nikaiacha, na zilizofuata vilevile. Basi nikafanya kama tunavyofanya walimu mkaguzi akinukia. Ijumaa, kwenye bajaji ya kurudi nyumbani Singe, nilijaza siku zilizopita na wiki zote zilizobaki. Nikajiandikia masaa saba kwa usiku ambao haujafika.

Daftari la maendeleo ya watoto lilikuwa pajani, nikaona nilimalize nalo. Kulikuwa na binti mmoja niliyemfundisha kunivuta sketi akibanwa na haja. Hatua iliyofuata ilikuwa aende chooni mwenyewe. Nikaandika: anajihudumia chooni.

Wiki sita zilipotimia simu ikanipongeza kwamba usingizi wangu umeimarika, na tiba ikafungwa. Nilisoma kwa macho yanayowasha, nikacheka.

Wiki hiyohiyo mwalimu mkuu alisoma daftari langu, akamhamishia binti darasa la tatu. Siku ya pili mwalimu wa darasa hilo akamrudisha kwangu.

"Amejikojolea, wenzake wamemzomea. Si umeandika anaweza?"

Nilikwenda ofisini kuomba arudishwe. Mwalimu mkuu alinigeuzia daftari.

"Hii saini ya nani, Madam? Nimeshaipeleka taarifa wilayani. Unataka niseme tulidanganya?"

Mkojo nimeuzoea, haunitii kinyaa. Siku ile kinyaa nilijionea mwenyewe, na mkono wangu uliokuwa umeshika kalamu.

Nilimwosha nyuma ya madarasa, nikamvalisha kaptula ya akiba chini ya sketi iliyolowa. Akanivuta sketi mara mbili, kama nilivyomfundisha. Kengele ikalia, nikamrudisha darasa la tatu.