Wivu wa Sauti ya Pili

Sisi tuliokulia Kalenga miaka ya sabini tukiwasimulia wajukuu kwamba nyimbo za kwanza kuzijua kwa moyo zilikuwa za Kilatini, wanatutazama kama tumeanza kuchanganyikiwa. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Tulijua baridi ya mwezi wa sita iliyopasua midomo, jembe la shule lenye jina lako lililochomwa kwa msumari wa moto kwenye mpini, na samadi ya kubeba kwa karai kila Jumatano. Tulicheza rede mpaka sketi zikachanika, tukarudi nyumbani na mifuko imejaa masuku ya porini, na mama akatuchapa kwa ajili ya madoa. Na tulijua sanduku la Bruda Luka.

Bruda Luka alikuwa mtawa Mtaliano wa misheni, seremala, mwenye vidole vilivyojaa makovu ya patasi. Wakati huo ibada ilikuwa imeshahamia Kiswahili, ngoma zimeingia kanisani, na mapadre vijana walitamani Kilatini kisahaulike haraka. Yeye aliomba aachiwe wimbo mmoja tu wa zamani kwa sikukuu, wakamwachia. Akakusanya watoto wanane wa kwaya, wawili kwa kila sauti, na kila Jumatatu na Alhamisi baada ya shamba la shule tukawa tunakwenda karakanani kwake, tunakaa juu ya mbao mbichi, tunaimba katikati ya harufu ya gundi. Malipo yetu yalikuwa kipande cha mkate wa misheni chenye jemu ya plamu. Watoto wa leo wanaletewa pizza wanasema imepoa. Sisi mkate ule tuliula kwa kuulamba kwanza.

Ndani ya sanduku mlikuwa na filimbi nne za mbao, kila moja na kimo chake. Tulizipa majina: Baba, Mama, Dada na Mtoto. Baba alikuwa mrefu kama mwiko wa kusongea ugali wa msibani, na sauti yake ilitikisa tumbo la anayepuliza. Bruda alizipaka mafuta ya karanga zisipasuke, kwa hiyo siku za njaa tuliolamba midomo baada ya kupuliza tulikuwa wengi. Alituambia kwamba filimbi za namna hiyo na nyimbo zile ni za rika moja, za miaka mia nne nyuma, wakati wafalme na maaskofu wa Ulaya walipogombania watunzi kama timu zinavyogombania wachezaji. Alikuwa na kitabu chenye picha: mazeze ya kubana katikati ya magoti, gambusi lililovunjwa shingo likatazama nyuma, tarumbeta za mbao zilizopinda kama fimbo ya mzee. Nyimbo za kanisani aliziita moteti. Za mapenzi aliziita madrigali, na akifika ukurasa huo alifunua kurasa mbili kwa pamoja. Sisi Wahehe herufi ya r inatushinda, tukasema madiligali, na tangu siku hiyo kila mvulana aliyekamatwa na barua ya msichana akaitwa mtu wa madiligali.

Watunzi wenyewe alitusimulia kama vile ni majirani zake. Mmoja aliongoza kwaya ya Papa. Mwingine alikuwa kipofu na alimpigia kinanda mfalme wa Hispania. Wa tatu alikuwa mtawala mwenye mali, mtunzi hodari, ambaye alimuua mkewe kwa wivu, halafu akaishi miaka mingi akitunga nyimbo za toba ambazo sauti zake zinaumana. Wenzangu waliuliza kama yuko motoni. Mimi niliuliza kama wivu wake uliisha. Bruda aliniangalia sana, akasema turudi kwenye wimbo wetu.

Kabula alikuja tulipokuwa darasa la tano. Alikuwa Msukuma. Wazazi wake walishuka na ng'ombe kutoka kaskazini mpaka mbuga za Usangu, na kwa kuwa huko shule ilikuwa mbali, wakamwacha kwa baba yake mdogo, bwana mifugo wa pale kwetu. Alikuwa mrefu, mpole, hana sweta, na Kiswahili chake kilituchekesha kama chetu kinavyowachekesha watu wa pwani. Tulimfundisha kusalimia kwa Kihehe, kamwene, yeye akatufundisha mwangaluka ya kwao, na Bruda akampa nafasi iliyokuwa wazi kwenye kwaya. Nilimpenda. Niligawana naye sweta langu, asubuhi yeye, mchana mimi. Nilimpenda mpaka siku Bruda aliposema kwamba kwenye moteti ya sikukuu ya kipaimara, askofu akija, ataanza Kabula.

Ili mnielewe lazima niwaeleze wimbo ule ulivyokwenda. Sauti ya kwanza inaondoka peke yake. Ikifika mbali kidogo, sauti ya pili inaondoka na maneno yaleyale na mahadhi yaleyale, ila hatua tano juu. Kisha ya tatu, kisha ya nne. Kila moja inapita njia ileile kwa wakati wake mpaka zikutane mwishoni. Bruda alirudia mpaka akachoka kwamba hapa hakuna anayeongoza na hakuna anayeitikia, zote ni sawa. Alipoteza muda wake. Sisi tulitoka kwenye nyimbo ambazo mmoja anaanzisha na wengine wote wanapokea kwa pamoja, na kwetu aliyeanza ndiye mwenye wimbo.

Nilitaka kuanza mimi. Nilikuwa mtoto wa katekista, nilijua kusoma nota kabla ya wenzangu wote, nilizaliwa hapo hapo. Kabula alikuwa amefika juzi. Bruda akasema sauti yangu ni ya juu, kwa hiyo nitaanza sauti ya pili, na kama kunipoza akanikabidhi Mtoto, ile filimbi ndogo, nimpulizie Kabula nota ya kuondokea. Roho iliniuma. Yaani nimpe mwenzangu pumzi yangu ili yeye asifiwe nayo. Sweta nikaacha kumpa, nikasingizia kikohozi.

Jumapili moja kabla ya sikukuu tulijaribu wimbo wakati wa misa. Kabula akaanza, watu wakageuza shingo kumtazama. Nikahesabu kama nilivyofundishwa, nikaingia mahali pangu, bila kosa lolote. Nikasikia watu wanaguna kwa huruma. Bibi mmoja wa benchi la mbele akaanza kunipigia makofi taratibu, anikimbize nimfikie mwenzangu. Walidhani nimechelewa. Baada ya misa kina mama wakampa mama yangu pole, mmoja mmoja, kama tuna mgonjwa nyumbani.

Mama alisubiri mpaka tulipofika njia ya mtoni.

“We Skola, mwenzako anaanza, we unamfuata nyuma kama ndama. Unaniaibisha.”

Nikamwambia ndivyo wimbo ulivyoandikwa.

“Nani kaandika uchelewe?” akasema. “Siku ya askofu uanze naye pamoja, ama ukae kwenye benchi na mimi.”

Nililia njia nzima, na machozi yale hayakuwa ya mama. Yalikuwa ya Kabula. Kila aliyepita alimsifu mtoto wa Kisukuma, jinsi alivyoanza, jinsi alivyotulia. Nilianza kuchukia hata anavyokunja daftari lake. Nilimwonea wivu urefu wake, nikamwonea wivu na ng'ombe ambao sikuwahi kuwaona. Usiku niliomba apate mafua. Hakupata, na sweta hakuwa nalo.

Siku ya kipaimara ikafika. Askofu amekaa, kanisa limejaa mpaka madirishani, watu wametoka Kilolo kwa miguu. Bruda akainua mkono, akaniashiria. Nota ya Kabula ilitaka nifunge matundu yote isipokuwa moja. Nikainua vidole vitatu. Ikatoka nota ya juu, nyembamba, na nikamwona Bruda anakunja uso, lakini Kabula alikuwa ameshaipokea. Nilitaka sauti imkatike mbele ya askofu. Ndivyo nilivyotaka, na sitaficha leo kwa kuwa nina mvi.

Haikukatika. Aliipanda ile nota kama mtu anayepanda kilima alichokizoea, na mpaka leo sijasikia kitu kizuri kama kile. Nilikuwa bado nimekasirika kwamba ameweza nilipokumbuka kwamba baada yake ninaingia mimi, mahadhi yaleyale, hatua tano juu. Kilima nilichomwinulia Kabula kilikuwa changu pia, na changu kilikuwa kirefu zaidi.

Nikafungua mdomo. Ikatoka nusu ya neno, kisha hewa tupu. Mwenzangu wa sauti ya pili aliyezoea kunitegemea akanitolea macho. Pale palipotakiwa sauti yangu pakawa na shimo, na kila mtu akalisikia. Hapo Kabula akaacha mstari wake katikati, akarukia wangu, akauimba mpaka wavulana wa sauti ya tatu walipoingia. Mimi nilisimama nimeshika filimbi.

Watu walielewa kwa namna yao. Walisema Msukuma ana tamaa, ameanza wimbo, hakutosheka, akamnyang'anya na mwenzake sehemu yake. Mama alikuwa wa kwanza kusema hivyo, na aliponikumbatia sikumsahihisha. Baada ya misa, ndani ya sakristia, Bruda akauliza nani alitoa nota. Nikasema filimbi imevimba kwa baridi. Ilikuwa mbao, iliwezekana. Akamgeukia Kabula, akamuuliza kwa nini aliacha mstari wake.

“Nilipotea, Buluda,” akasema Kabula, ametazama chini.

Bruda alimfuta Mtoto kwa kitambaa, akamrudisha sandukuni, akafunga. Alhamisi iliyofuata akasema kwamba anayepotea njiani hawezi kutangulia, kwa hiyo kuanzia sasa ataanza Skolastika. Alikuwa ananitazama mimi aliposema. Nilijua anasubiri nifungue mdomo. Sikufungua. Nikaanza mimi, mwaka ule na mwaka uliofuata, mama amevaa khanga mpya benchi la mbele. Mwisho wa mwaka ule wa kwanza Kabula akachukuliwa kwenda Usangu kwa wazazi wake, na watu wakasema ameondoka kwa aibu.

Nimeimba kwaya maisha yangu yote, Iringa na baadaye Mbeya nilikoolewa. Kwaya ya vijana ya parokia yetu ina kinanda cha umeme chenye kitufe cha kushusha wimbo. Sauti ikiwashinda, kijana anabonyeza, wimbo wote unateremka, wanaendelea kucheza na sare zao zinazong'aa. Wanarekodi kwa simu, wakikosea wanafuta, wanarudia. Sauti nne hawazitaki, wanasema zinachelewesha video. Huwa nawacheka, lakini ukweli ni kwamba nawaonea wivu mpaka kooni. Enzi zetu kosa lilitoka mdomoni likakaa kanisani, hakuna wa kulifuta. Utoto wetu ulikuwa mtamu kuliko wao, na hilo sitaki ubishi, ila wao wamepewa hicho kitufe.

Mwaka jana nilikwenda Madibira, huko huko Usangu, na binti yangu kununua mpunga. Mwenye mpunga alikuwa bibi mrefu, mjane, na vijana wake walipomwita Bibi Kabula nikamsogelea, nikamtajia jina langu. Tulishikana mikono mpaka binti yangu akaona haya. Akatuandalia wali na maziwa ya mgando, na tulipokwisha kunawa nikamtuma binti akaangalie magunia, nikamweleza Kabula yote. Filimbi, vidole vitatu, uwongo wa baridi, nafasi niliyoichukua. Nilikuwa nimebeba maneno hayo tangu nina miaka kumi na miwili.

Alinisikiliza vizuri. Kisha akatikisa kichwa.

“Askofu namkumbuka. Alikuwa mfupi,” akasema. “Hayo mengine, mwenzangu, sikumbuki.”

Nikamuuliza kuhusu kuondoka kwake. Akasema aliondoka kwa sababu mama yake alijifungua mapacha na alihitajika nyumbani. Aibu gani? Alicheka, akaniongezea maziwa. Jemu aliikumbuka, na sweta langu, hata rangi yake. Nilikaa pale nimeshika bakuli, na badala ya kufurahi kwamba sikumvunja, nikamwonea wivu upya. Alikuwa amelala usingizi wake miaka yote hiyo, mimi nikikesha kwa niaba yake. Hata msamaha hakuwa na wa kunipa, maana hakuona pa kuuweka.

Baadaye akaanza kuvuma kwa pua, polepole, akiutafuta ule wimbo. Vipande vilikuja, vikapotea. Akaacha, akakunja uso kama mtu anayetafuta jina la jirani wa zamani.

“Hivi Skola, ule wimbo nani alikuwa anaanza? Si ulikuwa wewe?”

Nje binti yangu alikuwa anabishana na wapakiaji. Pale hapakuwa na mtu mwingine aliyejua. Bruda alishazikwa kwao, mama alishazikwa Kalenga. Kabula alinisubiri kwa uso usio na hila kabisa, na ningesema neno moja tu, wimbo ungekuwa wangu mpaka kufa kwetu wote wawili.

Nikaweka bakuli chini.

“Wewe,” nikamwambia. “Ulikuwa unaanza wewe.”

“Kumbe,” akasema, na akatabasamu vile ambavyo nilitamani kutabasamu mimi.