Kadi Mbili za Nane

Mwalimu wangu wa fiqhi, aliyenilea kielimu huko Ijara, hakuandika hata ukurasa mmoja. Alifafanua vitabu kwa mdomo, akitembea na mifugo kutoka kisima hadi kisima, na sisi wanafunzi tukimfuata. Miaka yake ya mwisho mmoja wetu alipata kinasa sauti, ndiyo maana zimebaki kaseti arobaini na moja. Ndani yake mna upepo, mbuzi, watu wanaoteka maji, na chini ya hayo yote mna yeye.

Binti yangu, anayefundisha kompyuta katika chuo kimoja hapa Garissa, alizinakili zote kwenye mashine yake. Haikusaidia sana. Upepo nao ulinakiliwa. Asiyewahi kumsikia mwalimu hawezi kufuata hata sentensi moja, kwa kuwa alichanganya Kisomali cha zamani na Kiarabu cha vitabuni, na alikuwa hana meno ya mbele. Wanafunzi wenzangu walikuwa wameshatangulia mbele ya haki. Nilibaki mimi, na masikio yangu yalikuwa yanafunga. Daktari alisema la kushoto limekwisha na la kulia liko njiani. Nikamshukuru Mungu kwa hilo lililobaki, nikamwuliza binti yangu tufanye nini ili nisikie kabla halijafunga, nimtajie maneno naye aandike.

Akaniambia iko programu ya kutenganisha sauti ya mtu na kelele. Lakini ni nzito. Kompyuta yake peke yake ingekesha siku kadhaa kwa kaseti moja, na umeme wetu hauna subira hiyo. Ilihitaji kadi ya grafiki, kile kifaa ambacho vijana hukitia ndani ya kompyuta ili michezo yao iende kasi, kumbe kinajua pia kupiga hesabu nyingi kwa mara moja.

"Tununue moja yenye kumbukumbu ya gigabaiti kumi na sita, Aabo," alisema. "Ni ghali, lakini ndiyo inayotosha."

Nikauza mitamba wawili. Bei ya soko ilikuwa mbaya, fedha ikawa pungufu kidogo ya bei ya ile kadi. Muuzaji mmoja wa Eastleigh alikuwa na nyingine zilizotumika, za nane nane, na kwa fedha yangu ningepata mbili na nauli ya basi ikabaki. Nikampelekea habari hizo rafiki yangu, dalali wa ng'ombe, mtu ambaye nimeswali naye safu moja tangu ujana.

"Sheekh, hii nayo unauliza?" akacheka. "Moja ikikufia utakamua nini? Ukuta?"

"Binti anasema moja."

"Binti amesoma kompyuta. Hajasoma kiangazi."

Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Mtu akiuza mnyama mkubwa hurudi nyumbani na wadogo wawili, asiweke riziki ya watoto kwenye kwato nne tu. Tena nane na nane ni kumi na sita. Nilifundisha mirathi miaka thelathini, nikigawa sudusi na thumuni, mafungu ya sita na ya nane, bila karatasi. Hesabu hiyo haikunitia shaka hata kidogo.

Binti yangu alikuwa kazini. Nikampigia muuzaji mwenyewe.

"Adeer, ni za kazi gani?" aliniuliza yule kijana, akiniita ami kwa heshima.

"Kazi ya sauti."

"Kama kazi inagawanyika, mbili ni sawa. Kama haigawanyiki..."

"Nimenunua," nikasema. "Bei ni ile ile?"

"Bei ni ile ile, adeer. Nimeuza."

Nikamtumia fedha kwa simu, nikaenda kuswali adhuhuri nikiwa na moyo mweupe.

Binti aliporudi alasiri, nilimweleza. Aliketi chini kwenye mkeka karibu na sikio langu zima.

"Aabo, hazijumliki. Programu lazima iingie nzima ndani ya kadi moja. Sufuria mbili ndogo haziivishi paja zima la ngamia."

"Si wanaweza kukata paja?"

"Hili halikatwi. Mpigie, Aabo. Mzigo bado haujapanda basi. Mwambie tunaongeza kidogo nikipata mshahara, atuwekee ile kubwa."

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hilo ni la mtu aliyesoma. Katika sheria yetu ya biashara, muuzaji na mnunuzi wana hiari ya kughairi maadamu bado wako katika kikao kimoja. Wakiachana, mauzo yamefunga. Nikamweleza binti yangu kwamba simu ilipokatwa, kikao kilivunjika. Mimi ni mtu ninayefundisha watu kutimiza ahadi, nitampigiaje kijana wa watu kumwambia nimegeuka?

"Lakini akikubali mwenyewe?" akauliza.

Nilijua jibu. Muuzaji kumwachilia mnunuzi aliyejuta ni jambo linalopendeza katika dini, na nimelisomesha mara nyingi msikitini. Si aibu kuomba. Lakini ningelazimika kumwambia yule kijana kwamba sikuelewa nilichonunua. Nikamwambia binti yangu, "Mauzo yamefunga," nikachukua birika nikatawadhe. Naye, kwa adabu aliyolelewa nayo, akanijazia maji.

Kadi zilifika kesho yake zimefungwa kwa taulo. Alizitia zote mbili. Ile programu kubwa ilikataa. Akatafuta ndogo yake, ikakubali, lakini haikujua kutofautisha. Mwalimu alikuwa na desturi ya kuvuta mwisho wa sentensi kama mtu anayeguna, na programu ikadhani huo ni upepo, ikaufuta. Maana yenyewe mara nyingi ilikuwa huko mwishoni. Nilisikia mianzo mia moja na sikusikia hukumu hata moja.

Halafu joto. Kadi mbili ubavu kwa ubavu ndani ya sanduku moja, Garissa, mwezi wa Machi. Kufikia saa nne asubuhi mashine ilikuwa ikijizima yenyewe. Tulifungua ubavu wa sanduku tukaielekezea feni iliyokuwa ikitupepea usiku. Moja ikaungua kabla ya Ramadhani.

"Si nilikwambia?" dalali alisema. "Imebaki moja."

Alikuwa akinifariji. Nami sikumweleza kwamba hata hiyo iliyobaki haikutosha.

Binti yangu aliweka akiba kimya kimya. Miaka miwili ilipita, na kiangazi ndani yake, kabla hajaileta ile kadi ya kumi na sita. Mungu amlipe, maana hakunilaumu. Aliiwasha sebuleni, mke wangu akaja, na wajukuu. Niliona mke wangu akifunika mdomo kwa ushungi. Yeye aliwahi kumpikia mwalimu. Nikajua sauti imetoka safi.

Mimi sikusikia kitu. Waliongeza sauti mpaka majirani wakaja mlangoni. Niliweka kiganja juu ya spika nikahisi inatetemeka.

Tangu siku hiyo, kila baada ya alasiri, binti yangu husikiliza kipande na kuniandikia kwenye daftari yale anayoyasikia, kwa herufi kubwa. Hajui maneno ya zamani, kwa hiyo anaandika milio. Nayasoma midomo ikinitembea. Mara moja moja napata neno, nasema alhamdulillahi, naliandikia maana yake pembeni. Jana aliandika kurasa tatu. Nilizirudia kabla ya magharibi na baada yake, nikamrudishia daftari. Hapakuwa na neno ninalolijua.