Msumari wa Tairi la Kushoto

Toroli la dukani kwetu liliishiwa upepo Jumanne asubuhi, likiwa na maboksi sita ya chupa za chai, katikati ya mtaa wa Kariakoo ambao hata ukisimama kufunga kamba ya kiatu unatukanwa. Mbeba mizigo wetu, mwanamume wa makamo aliyelisukuma toroli hilo miaka mingi kuliko niliyokaa mimi dukani, aliyaacha maboksi kwa jirani yetu Mhindi anayeuza vitambaa, akalirudisha tupu. Tairi la kushoto lilikuwa limelala kabisa.

"Mangi, pancha," akamwambia baba. Huku kwetu kila Mchagga mwenye duka ni Mangi, atake asitake. "Ngoja nimpelekee fundi hapo kona, dakika kumi tu."

"Fundi wa nini?" baba akasema. "Nani alimfundisha huyo fundi? Lete beseni."

Duka letu ni la vyombo vya plastiki, kwa hiyo beseni halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa ni mimi.

Wiki ile nilikuwa nabeba swali. Kaka yangu mkubwa, anayeishi Moshi, alinipigia simu Jumapili. "Wewe ndiye unayeshinda naye," aliniambia. "Baba bado yuko sawa, au nije nimchukue? Mficha maradhi kilio humuumbua." Nilimwomba anipe mpaka mwisho wa wiki. Baba alikuwa na habari za mpango huo, kwa kuwa kaka hajui kunong'ona hata kwenye simu. Mchagga kwenda nyumbani Desemba na kurudi Januari ni sherehe. Kwenda ukabaki huko, wakati duka lako lina mtu mwingine, ni jambo ambalo baba hakutaka hata kulitaja. Aliliita kwenda kulinda migomba.

Dalili zilikuwepo, sitadanganya. Alikuwa amemuuliza mteja wa kutoka Tabora hali ya mke wake mara tatu katika mazungumzo yale yale. Siku moja tulikuta mlango wa nyuma umelala wazi. Mara moja aliniita kwa jina la marehemu mama, na sote wawili tukajifanya hatukusikia.

Basi nikajiambia, tairi hili ndilo litakalonijibu. Baba akiliziba, nampigia kaka namwambia mzee ni mzima. Sijui ni mtu gani mwenye akili zake anayepima maisha ya baba yake kwa pancha, lakini ndivyo nilivyofanya.

Na haikuwa pancha kwa baba, ilikuwa elimu. Alishuka mlimani kijana, akaanza kazi Kariakoo kwa kusukuma toroli la watu, na kwa kuwa fundi anataka kula na yeye pia anataka kula, akajifunza kuziba mwenyewe. Sisi watoto wake wanne tulifundishwa kwenye baraza la duka hili hili, na somo lilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, usizibe kabla hujakiona kilichotoboa. Unapitisha vidole ndani ya tairi polepole, kama unachambua mchele, mpaka msumari ukuchome. Ya pili, msumari ukishautoa usiutupe barabarani, utamtoboa mwenzako anayesukuma nyuma yako. Wabeba mizigo wa zamani wote wana kopo la misumari. La baba lilikuwa la maziwa ya unga, liko juu ya rafu ya kaunta, na misumari yake mingi ina kutu iliyozidi umri wangu.

Akakaa juu ya kreti, akakunja mikono ya shati. Akachomoa tairi kwa vyuma viwili, akaitoa tyubu, akaijaza upepo kidogo, akaizamisha ndani ya beseni. Povu likapanda. Akalikausha lile tundu, akalipiga msasa, akapaka gundi ya solusheni na kuipuliza ikauke, akabandika kiraka na kukigonga kwa kisigino cha mkono. Mikono ile haikukosea hata kidogo. Mbeba mizigo akanitazama akitabasamu. "Ng'ombe hazeeki maini," akasema.

Kisha baba akairudisha tyubu ndani ya tairi, moja kwa moja. Vidole havikupita.

Niliona. Maneno yalinijia mpaka kwenye meno, nikayameza. Mtoto hamsahihishi baba yake barazani, mbele ya watu wanaomwamkia shikamoo, na baba yangu hasa hasahihishwi popote. Tukajaza upepo. Toroli likaenda hatua tano, sita, likaanza kupiga mluzi.

"Solusheni za siku hizi maji matupu," baba akasema, na watu wakacheka. Akakaa tena. Beseni, povu, msasa, kiraka cha pili kando ya kile cha kwanza. Nilikuwa naviombea vidole vyake kimoyomoyo, pita, pita ndani. Havikupita.

Mbeba mizigo akanisogelea. "Dada," akasema kwa sauti ya chini, "mbona Mangi hakagui?"

"Wewe fanya kazi yako," nikamjibu kwa ukali. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na mara nyingi zinamwangukia asiye na kosa. Akarudi kusimama alipokuwa. Mpaka leo sijamwomba radhi.

Tairi likalala mara ya pili. Safari hii baba hakuilaumu solusheni. Alikaa na mikono juu ya magoti, akilitazama tairi kama mtu anayetafuta sura anayoijua kwenye kundi. Nilitamani kulia. Jirani yetu wa vitambaa, ambaye alikuwa anatazama yote kutoka mlangoni kwake, akamwita kwa upole, "Mangi, njoo kwanza, chai inapoa." Baba akaenda.

Alipogeuza mgongo tu, nikapiga magoti, nikapitisha mkono ndani ya tairi. Msumari ulinichoma kidole cha shahada kabla sijafika nusu. Ulikuwa mfupi, mpya, unang'aa. Nikauchomoa kwa koleo na, kwa kuwa mkono uliofundishwa hauulizi, nikautia ndani ya kopo. Mbeba mizigo aligeukia upande wa pili kwa heshima, akajifanya hajaona.

Baba aliporudi akaziba mara ya tatu, na tairi likasimama. Maboksi yakaenda. Baba akanawa mikono taratibu, akasema, "Mmeona?" na wote tukasema tumeona. Saa saba mchana nikampigia kaka. Nikamwambia baba yuko sawa kabisa, leo ameziba pancha kwa mikono yake mwenyewe. Kaka akafurahi. Mimi nikafurahi pia, sijui nilikuwa nafurahia nini.

Jioni, tukijiandaa kurudi Magomeni, baba alikuwa anavuta mlango wa mbele akasimama katikati.

"Mwanangu," akasema. "Lile tairi litalala tena. Sikukagua. Nimeziba mara tatu na sikutafuta msumari hata mara moja."

Mtu mwenye busara angeshukuru Mungu. Baba alikuwa ameligundua kosa lake mwenyewe, bila kuambiwa. Nilichotakiwa kusema ni, ndiyo baba, hukukagua, niliutoa mimi. Lakini nilikuwa nimeshinda siku nzima nikimfunika, na ulimi ukaendelea na kazi hiyo peke yake.

"Ulikagua, Baba," nikasema. "Msumari uliutoa wewe ukautia koponi."

"Mimi?"

"Wewe. Hata ukasema, huyu hapa mwizi."

Sijui kwa nini niliongeza hilo. Akaacha mlango, akaenda kwenye kaunta, akashusha kopo. Msumari mpya ulikuwa juu kabisa ya ile yenye kutu. Akauchukua, akaugeuza kwenye mwanga wa taa, kisha akatafuta kreti kwa mkono nyuma yake, akakaa.

"Nimeutoa," akasema. "Nimeutia humu. Na sikumbuki."

Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Hakukumbuka kwa sababu halikutokea. Kichwa chake kilikuwa kinamwambia kweli, na mimi, binti yake, nimekitolea ushahidi wa uongo, na kopo likanishuhudia.

"Kukosea naweza kuvumilia," akasema. "Mtu anazeeka. Lakini kufanya jambo mchana kweupe, na kusema, na lisiwepo kichwani kabisa... Mpigie kaka yako. Mwambie aje."

Nikamweleza. Nilieleza yote kwa haraka, jinsi alivyokwenda kunywa chai, nikapiga magoti, koleo, kopo, maneno ya mwizi nimeyatunga mimi. Nikamwonyesha kidole kilichochomwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakishika kile kidole, akakivuta karibu na macho, akakipuliza, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa na miaka sita.

"Wewe una huruma kama mama yako," akasema. "Lakini usinidanganye, mwanangu. Piga simu."

Nikaapa. Akatikisa kichwa kwa upole tu, akanipa simu yake mwenyewe kwa kuwa yangu ilikuwa ndani ya mkoba.

"Mbona mchana umesema mzima?" kaka akaniuliza. Nikarudia tu kwamba aje; baba alikuwa ameketi pale pale ananitazama, msumari uko kiganjani.

Kaka alifika Jumamosi na gari. Akielekea garini, baba alipita kando ya toroli, akainama, akalibonyeza tairi la kushoto kwa kidole gumba. Lilikuwa limejaa vizuri; kwake huo ulikuwa ushahidi mwingine kwamba msumari aliutoa yeye.