Meza Zinazotazamana

Karakana yetu ya sare za shule iko Makadara, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mimi ni mkataji wa vitambaa. Shule niliachia darasa la nane. Mengine nimejisomea katika vitabu vya mitumba kutoka soko la Muthurwa, na kwa sababu hiyo mafundi huniita profesa, bila heshima yoyote.

Zamani kila fundi alishona shati zima peke yake, na meza zilikaa mbilimbili, zikitazamana. Msimu mmoja, shule zikikaribia kufunguliwa, mama mwenye karakana aliniomba nitafute njia ya kuharakisha kazi. Nikapendekeza kila fundi ashone sehemu moja tu: huyu kola, yule mikono, mwingine mifuko, wa mwisho vifungo. Meza tukazipanga mstari mmoja kuelekea dirishani, shati likitoka nyuma kwenda mbele.

"Kwa hivyo tutaangaliana migongo?" akauliza fundi mmoja, mwanamke wa kutoka magharibi, mcheshi kuliko wote. "Hii si kazi ya cherehani, profesa. Hii ni foleni ya maji."

"Foleni husonga," nikamjibu.

"Basi kaa mbele kabisa utuuzie mitungi."

Kazi ilisonga kweli, isipokuwa mahali pamoja. Kwenye mifuko, mashati yalirundikana. Aliyeishona alikuwa mwanamke Mkamba wa rika langu, mkimya, ambaye mshono wake hakuna aliyeufikia. Sasa alikosea rangi za mifuko, na oda zilipobadilishwa yeye aliendelea na zile za awali.

"Kufika Ijumaa nataka mtu mwingine kwenye hiyo mashine," mwenye karakana akaniambia. "Siku hizi ana kiburi. Ukimwita, hata hageuki."

Asubuhi iliyofuata nilisimama nyuma yake, nikamwambia aanze na mashati ya buluu. Aliendelea na ya kijani. Nikazunguka hadi dirishani, nikarudia maneno yaleyale kwa sauti ileile. Akanitazama mdomo, akasema, "Sawa," na kuchukua ya buluu.

Wakati wa chai nilikaa mbele yake na kumuuliza ni tangu lini.

"Miaka mingi," akasema. "Mwenzangu alikuwa ananirudishia kila neno kwa midomo, nikimwangalia. Wewe ukampeleka nyuma yangu."

Mwenzake alikuwa yule mcheshi, ambaye kwa miaka yote hiyo alikaa meza ya mbele yake, wakitazamana. Mpango wangu ulikuwa umempa kola.

"Acha nimweleze mwenye karakana."

"Usithubutu. Akidhani nina kiburi, huenda akanionya tu. Akijua masikio yamekufa, narudi mtaani kufulia watu nguo."

"Lakini usipobadilika, Ijumaa utaondoka."

"Basi badilisha meza, profesa. Si ndiyo kazi yako?"

Nilichora chumba upya. Kila fundi alibaki na sehemu yake, lakini meza zilirudi kutazamana, shati likivuka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kola ikawekwa mkabala na mifuko. Kwa mwenye karakana nilitoa sababu moja, nayo ilikuwa ya kweli: shati lingepokewa kwa mkono juu ya meza, bila mtu kuinuka.

"Na yule wa mifuko?"

"Mwache hadi Ijumaa, mama, kama ulivyosema."

Ijumaa mwenye karakana alipanda ngazi mapema kuliko kawaida. Kwenye meza ya mifuko hapakuwa na rundo. Akainua shati moja, akavuta mfuko kujaribu uimara wake, akalirudisha. Kisha akashuka bila kumtaja mtu.

Fundi wa kola alinitupia jicho, akamgeukia mwenzake na kusema jambo kwa midomo mitupu. Wote wawili wakacheka mpaka mashine zao zikasimama.

Niliuliza wamesema nini.

"Mambo ya kazi, profesa," akajibu yule wa mifuko. "Wewe kata kitambaa."