Jiki Kisimani kwa Verna

Verna Jeanquart alirudi kutoka misa ya asubuhi akiwa bado na wimbo mdomoni. Alipofungua bomba la jikoni aoshe mikono, wimbo ukamkauka. Maji yalinuka jiki. Akafungua kabati la chini ya sinki. Madumu yake ya maji ya dukani, ambayo ndiyo anayokunywa miaka yote hii, hayapo.

Hakuhitaji kuuliza ni nani. Shemeji yake Duane, mdogo wa marehemu mumewe, ndiye dalali anayemuuzia nyumba hii, na ufunguo anao. Mchana huo wanunuzi walikuwa wanakuja na mkaguzi wa kuchukua maji ya kupima. Akamkuta nyuma ya nyumba, anafunika kisima.

"Duane! Umemwaga nini humo?"

"Taratibu, shemeji. Nimeua vijidudu tu. Hata padri akiuza nyumba ya parokia atafanya hivi hivi."

"Usimtie padri kwenye uchafu wako!"

"Karatasi ya vipimo itatoka safi, wewe unakwenda zako Green Bay kwa binti yako, ukapumzishe hayo magoti. Unataka nini tena?"

"Na ile naitreti, sumu ya samadi? Nayo umeiua?"

Duane akatazama viatu vyake. Barabara ile yote wanajua. Mwamba wa chini umejaa nyufa, na lile shamba kubwa la ng'ombe la jirani humwaga samadi juu ya theluji. Theluji ikiyeyuka, uchafu unashuka moja kwa moja visimani. Wanajua, na wananyamaza, maana kisima kimoja kikitajwa kibovu, hakuna atakayeuza nyumba tena. Ukimtembelea jirani anakupikia kahawa kwa maji ya dumu, nawe huulizi.

"Wameomba kipimo cha vijidudu, basi," Duane akasema. "Tujibu tulichoulizwa."

Mchana wanunuzi wakafika na mkaguzi: kina Delfosse, mume na mke vijana, Trevor na Kelsey, tumbo la Kelsey limemtangulia mlangoni. Akaenda moja kwa moja kwenye chumba kidogo.

"Trevor, kitanda cha mtoto kinakaa hapa!" Kisha akaja jikoni, akanusa bomba, akacheka. "Mama Verna, leo mmefua nini? Mie sina wasiwasi, nimekulia maji ya kisima. Maziwa ya mtoto nitachemsha maji yake mpaka yapungue nusu."

"Usichemshe!"

Mkaguzi mwenyewe aligeuka. Verna akamsogelea Kelsey.

"Ukichemsha, maji yanaondoka na mvuke, sumu inabaki na kukolea. Mtoto mchanga midomo inageuka bluu, binti yangu. Kisima hiki kina samadi. Na leo asubuhi kimetiwa jiki ili msijue."

"Mama amechoka," Duane akadakia. "Tangu kaka afariki—"

"Nyamaza! Kaka yako usimtaje kwenye uongo huu!"

Kelsey hakumshukuru. Uso ulimwiva.

"Na juzi ulipotuacha tupime mapazia? Ulinikumbatia hapa hapa, mama. Mdomo ulikuwa wapi?"

Trevor akamshika mkewe mkono wakatoka, gari likarudi nyuma kwa kasi mpaka kokoto zikaruka.

"Haya, utaozea humu," Duane akasema. "Na barabara nzima itakuchukia."

"Waje wanichukie hapa mlangoni. Weka ufunguo mezani, uende."

Duane akautupa. Verna akaunga mpira wa bustani kwenye bomba la nje, akauelekeza mtaroni na kufungulia maji yote, jiki litoke.

"Rudi jiki likiisha," akamwambia mkaguzi. "Upime kila kitu, majibu uniletee mimi. Nitayasoma kwenye mkutano wa kata, huyo mwenye ng'ombe akiwa amekaa mbele yangu."

Mkaguzi akaondoka. Verna akabaki ameshika mpira, akajaribu kusali Baba Yetu. Akafika penye kusamehe, akakwama. Gari la Duane lilikuwa bado linaonekana barabarani.