Nani Mchawi wa Magoli ya Songota

Nilizaliwa Nkoaranga, kwenye mteremko wa Meru, katika nyumba iliyozungukwa na migomba na kahawa, na mpira wangu wa kwanza ulikuwa wa majani makavu ya mgomba yaliyosokotwa kwa kamba. Mpira ule haukudunda. Wapo wanaosema kwamba hapo ndipo tatizo langu lilipoanzia: nilizoea kupiga kitu kisichodunda, na tangu hapo kila kinachodunda kinanishangaza. Wanaosema hivyo ni mimi peke yangu. Wengine wana maneno makali zaidi.

Jina langu ni Elinami, na ujana wangu niliumalizia katikati ya safu ya ushambuliaji ya Songota Stars. Timu ilikuwa ya kiwanda. Asubuhi tulisukuma mashine, jioni tulisukuma mpira, na aliyezeeka uwanjani alibaki na mashine yake. Kisha zikaja siku za ruksa, za soko huria. Kiwanda kikauzwa, mnunuzi akazitaka mashine, timu hakuitaka. Tuliokotwa na Mzee Ebenezer, Mchaga wa Machame, muuza saruji na mabati, mzee wa kanisa, ambaye alikuwa amehamia Njiro kwenye nyumba mpya yenye ukuta mrefu. Akawa mfadhili wetu, akatulipa mshahara. Kwa mara ya kwanza maishani nikalipwa kwa kucheza tu, bila mashine, bila ovaroli. Nadhani miguu yangu ilisikia habari hiyo ikashtuka, kwa sababu haikufunga tena.

Tangu masika yaanze, Songota haikupata goli hata la kusingiziwa. Hatukufungwa sana, kipa wetu Brayson alikuwa hodari. Tulikuwa tunatoka sare ya bila kwa bila, mechi baada ya mechi, kama watu waliokubaliana kutosumbuana. Na mji mzima wa Arusha ukaanza kutafuta mchawi.

Wengine walisema mchawi ni Sadoki, winga wa kushoto, kwa kuwa krosi zake zilikwenda kuwasalimu mashabiki. Wengine walisema ni viatu vya mitumba, vilivyozoea theluji za Ulaya. Wengine walimtaja mke wangu Tabea, aliyekuwa akitupikia mtori siku za mechi: eti ulikuwa mzito mno, mshambuliaji anakimbia na shamba la ndizi tumboni. Tabea alisikia hilo akiwa sokoni Tengeru, akarudi nyumbani na kusema, "Mwambie Sadoki mtori wangu anaula yeye bakuli tatu. Wewe unakula moja. Kama ni uzito, mbona wewe ndiye husogei?"

Kamati ya ufundi nayo haikulala. Wasioujua mpira wa kwetu wataelewa nikisema kwamba ufundi huo haukuhusu mpira, ulihusu waganga. Tulipokwenda kucheza ugenini tuliambiwa tusipite getini, turuke ukuta. Niliruka. Bukta yangu ilibaki juu ya ukuta kwa kiasi kikubwa, na nilicheza kipindi cha kwanza nikiwa na pini nyuma. Mshambuliaji mwenye pini nyuma hageuki haraka. Hilo nalo lingeweza kuingizwa kwenye lawama, ila hakuna aliyelitaja. Watu walikwisha kunichagua mimi mzima mzima.

Nikipita Sakina, mafundi wa magari walitoa vichwa chini ya mabasi.

"Elinami! Goli ni zile nguzo mbili zenye wavu!"

"Mwacheni jamani, anauheshimu wavu wa watu!"

"Kaka, ukitaka tukuelekeze! Ukitokea Nairobi liko mkono wa kulia!"

Mtu mmoja tu hakunilaumu, naye alikuwa kocha wetu, Mwalimu Zuberi. Alikuwa mtu wa Tanga, mpole, mwenye koti la baridi alilolivaa hata mchana kwa kuwa Arusha ilikuwa haijampasha moto tangu afike. Mwandishi wa mojawapo ya magazeti ya michezo, ambayo wakati ule yalikuwa yanaota kama uyoga, alimuuliza kwa nini hatufungi. Akajibu, "Andika kwamba kosa ni langu." Kisha akabaki nami uwanjani wenzangu walipoondoka, akanirushia mipira mmoja mmoja kwa mkono, polepole, kama baba anayemlisha mtoto mgonjwa. Nilipiga nje. Akaifuata mwenyewe kwenye nyasi ndefu, akarudi nayo, akasema, "Huo ulikaribia."

Basi likaja tangazo. Jumamosi baada ya chakula cha mchana, wachezaji na mwalimu wafike Njiro, nyumbani kwa Mzee Ebenezer. Mtu mmoja ataondoka kwenye timu, na siku hiyo itajulikana ni nani.

Nilijua ni nani. Kila mtu alijua. Nilikuwa na mke, mtoto anayenyonya, chumba cha kupanga, na cheti cha kuendesha mashine zilizokwisha kuhamishwa. Ijumaa nikapanda Nkoaranga kwa mama.

Mama yangu Anyesi nilimkuta akipalilia kahawa, ingawa bei ya kahawa ilikuwa imeanguka na majirani walikuwa wanaing'oa wapande nyanya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbona umekonda? Tabea anakunyima mtori?"

Nikamweleza. Mpira mama haujui, lakini lawama anazijua vizuri. Amezeeka nazo kwenye ukoo wenye mashamba yanayopakana.

"Umemkosea nani?" akauliza.

"Sijamkosea mtu, mama. Sifungi."

"Timu ni ya nani?"

"Ya Mzee Ebenezer."

"Mchaga?"

"Wa Machame."

"Basi hilo ni jambo dogo." Akaenda mpakani mwa shamba na kisu chake, akarudi na jani la isale.

Isale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani, sisi Wameru na ndugu zetu Wachaga. Aliyekukosea akija na jani lake mkononi, huwezi kumkatalia msamaha. Hata kama alikuchomea ghala. Ukilipokea, shauri limekwisha, na usipolipokea utajitafutia balaa ambalo hata mchungaji hataki kulizungumzia sana.

"Mpe kwa mikono miwili," mama akasema. "Usianze kueleza. Wewe ukieleza unaharibu."

Jumamosi nilifika Njiro nikiwa nimevaa jaketi, jani limelala kifuani upande wa moyo. Nilijiona mjanja kuliko watu wote wa mji. Sebule ya Mzee Ebenezer ilikuwa na makochi yenye vitambaa vya kufuma, chai ya maziwa, na mandazi ambayo hakuna aliyethubutu kuyagusa. Mzee akaomba sala. Mwalimu Zuberi, aliyeketi karibu nami, aliinamisha kichwa kwa adabu hadi Wakristo tukasema amina.

"Sasa," Mzee Ebenezer akasema, "siwalipi ili mkatembee uwanjani. Nataka kila mmoja aseme kwa nini hatufungi. Aliyetuharibia nitamjua, na leo hii atakwenda zake. Sadoki, anza."

Sadoki akasimama. Akafungua vifungo vya shati. Akatoa jani la isale, akalipeleka kwa mikono miwili, kimya.

Mzee alilitazama. Akalipokea, akaliweka mezani kando ya chupa ya chai. "Haya. Kaa. Anayefuata."

Anayefuata akatoa lake kwenye soksi. Mwingine alikuwa nalo ndani ya gazeti. Jani baada ya jani likapita mbele yangu, na nikaelewa kitu ambacho kwa kiburi changu sikukifikiria: kumbe kila mtu ana mama.

Ilipofika zamu ya Brayson, Mzee akakasirika. "Wewe ni kipa! Wewe na kutofunga mnahusiana wapi?"

"Sijui, mzee," Brayson akasema, akilinyoosha jani lake. "Ila nimeona wenzangu wanalo, na mama alinipa, nikasema nisirudi nalo nyumbani."

Meza ilikuwa imegeuka shamba. Tulibaki wawili, mimi na mwalimu. Akaniinamia sikioni. "Elinami, hiyo ni mboga gani mnampelekea mzee? Mbona mimi sikuambiwa tuchange?"

Hapo nikapatwa na baridi. Waliosamehewa walikuwa wamesamehewa, na mmoja lazima aondoke. Nikiinuka na jani langu, angebaki yeye, katika koti lake, mtu pekee ndani ya chumba kile ambaye hakuwa na mpaka wa kwao mlimani wa kukatia jani. Nikamkumbuka akiinama kwenye nyasi ndefu. Huo ulikaribia.

Nikalitoa jani kifuani, nikalipitisha chini ya meza, nikamwekea mapajani.

Msinisifu. Wakati naliachia, hesabu yangu nilikuwa nayo kichwani. Nilijiambia: hii ni nyumba ya Mchaga, na Mchaga gani hana masale kwenye ua wake? Nitaomba kwenda msalani, nitakata jingine, nitarudi. Wema wangu ulikuwa na mlango wa nyuma.

Mwalimu, kwa kuwa hakujua ni kitu gani, alianza kujipepea nalo. Mzee Ebenezer akaona jani likipanda na kushuka.

"Mwalimu! Hata wewe?"

"Hata mimi nini, mzee?"

"Mpe," nikanong'ona. "Mikono miwili. Usieleze."

Akasimama, akampa. Mzee Ebenezer alilishika jani lile, akatafuta kitambaa mfukoni, akafuta miwani. "Mtu wa Tanga," akasema. "Mtu wa bahari, ameheshimu mila ya mlima. Mwalimu, yaishe. Wewe huendi popote."

"Ahsante, mzee," akasema mwalimu, akaketi, akaninong'oneza, "Kumbe anapenda sana mboga."

Nami nikaomba ruhusa ya msalani.

Niliizunguka nyumba ile mbio, kwa kasi ambayo mashabiki wangu hawakuwahi kuiona. Hapakuwa na isale. Palikuwa na ukuta. Mtu akishakuwa na ukuta wenye vipande vya chupa juu yake, mpaka wa majani ni wa nini? Nilipita kwenye tangi la maji, nikapita kwa mbwa aliyenitazama kama refa, na mlangoni mwa jikoni nikaona chungu chenye mmea wa majani marefu. Yalikuwa na mistari myeupe pembeni, lakini nilijiambia huenda ndiyo masale ya Njiro, yaliyostaarabika. Nikakata moja.

Nikaingia. Nikampa Mzee Ebenezer kwa mikono miwili.

Akaligeuza. Akaligeuza tena.

"Elinami," akasema taratibu, "hili ni ua la mke wangu. Aliletewa kutoka Nairobi."

Sadoki akaanza kucheka puani, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kumzuia mwenzake. Nilikuwa nimekwenda kuomba msamaha na nikapiga nje. Si hivyo tu. Nilikuwa nimeongeza kosa, na jani la kosa hilo sikuwa nalo.

"Una la kujitetea?" Mzee akauliza, naye akijizuia.

Ningependa kuandika kwamba nilinyamaza kishujaa. Nilisema, "Mzee, mechi ile ya mwisho jua lilikuwa linanipiga machoni." Mechi ile ilichezwa kwenye mvua.

Basi nikaondoka mimi. Mama alikuwa sahihi: ukieleza unaharibu.

Mechi iliyofuata nililipa kiingilio kama watu wengine, nikakaa nyuma ya goli la wapinzani. Moyoni, Mungu anisamehe, sikujua niombe nini. Kipindi cha kwanza hakijachanganya, Sadoki akafunga. Kabla watu hawajakaa, akafunga tena. Mafundi wa Sakina waliokaa ngazi ya juu yangu wakapiga kelele, "Mchawi kaondoka! Mchawi kaondoka!" Mmoja akaniona, akanipa sigara, akasema kwa huruma ya kweli, "Pole kaka. Angalau sasa tunajua."

Nilihamia Tengeru kumsaidia Tabea sokoni. Nilifaa kubeba mikungu. Siku moja ya soko, nikiwa nimejitwisha ndizi, nikaona koti la baridi likija kati ya watu. Mwalimu Zuberi alikuwa amekumbatia kitu kirefu, majani yakimfunika uso, udongo ukimdondokea viatuni.

"Wameniambia," akasema, akihema. "Brayson ameniambia maana yake. Nimekula nafasi yako, Elinami, na mimi najipepea. Wakasema kwenu ukimkosea mtu unamletea hili. Nikaona jani moja ni dogo kwa kosa kama langu."

Alikuwa amekuja na isale zima. Na mizizi yake.

Tabea aliweka mkono mdomoni. Mimi nilishusha mkungu. "Mwalimu," nikasema, "umelitoa wapi?"

"Pale juu, njiani. Yamepangwa kwenye mstari mzuri tu, nikang'oa la katikati."

"Mwalimu, umeng'oa mpaka wa watu!"

"Mpaka wa nini?"

"Wa shamba! Kwetu mtu akiamka akakuta isale limeng'olewa, anakwenda mahakamani na wajukuu zake wanairithi kesi!"

Uso wa mwalimu ukabadilika. "Sasa, na hilo nalo linaombewa msamaha kwa kitu gani?"

"Kwa isale," Tabea akasema, na akalazimika kukaa juu ya gunia kwa kicheko.

Nililipokea kwanza, kwa mikono miwili, kwa kuwa mila ni mila na kwa kuwa macho yake yalikuwa mekundu. Kisha tukapanda mlima nusu kukimbia, yeye ameshika majani, mimi nimeshika mizizi, tukisalimia kila tuliyempita kama watu wasiobeba kitu. Tulipofika, mwenye shamba hakuwapo. Mstari wa masale ulikuwa na pengo katikati, na kwenye pengo kulikuwa na shimo, jeusi, wazi kabisa.

Mwalimu akasimama kando, akashika magoti, akihema. "Taratibu," akasema. "Usikimbilie. Tazama kwanza."

Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Hapakuwa na beki, hapakuwa na kipa. Nikapiga magoti, nikalenga, nikaliingiza.