Gari Tatu na Ahadi ya Mama

Ipo siku moja naikumbuka kila nikisikia kijana anatafuta kiwanja, na wewe, mwanangu, unataka kujenga. Sikuharibii furaha yako. Nataka tu usije ukalia kilio nilicholia mimi.

Tulikuwa tukikaa Hamriya, mtaa wa katikati ya mji huku ng'ambo, ghorofa ya pili, mimi, mke wangu, watoto na mama yangu. Mama alizaliwa Unguja, na Hamriya aliipenda kwa sababu kila kitu kilifikiwa kwa miguu: msikiti, duka la samaki, fundi cherahani, na zaidi ya vyote Bi Zuwena, shoga yake tangu utotoni, aliyekaa jengo la jirani. Asubuhi huyu yuko kwa yule, jioni yule yuko kwa huyu. Walikuwa na ahadi yao: atakayetangulia kufa, mwenzake ataikosha maiti yake kwa mkono wake. Waliisema wakichambua mchele, wakicheka, kila mmoja akidai kuwa yeye ndiye atakayekoshwa.

Mimi nikapata kiwanja Ansab, mtaa mpya nje ya mji. Kijana, mshahara mzuri, kichwa kimevimba. Nikajenga nyumba kubwa, na mbele nikaweka banda la gari tatu. Mama aliomba kitu kimoja tu, baraza ya kukalia nje. Nikamcheka.

"Mama, nani atapita kwa miguu huku, umwamkie?"

Hakuiomba tena. Wala sikujiuliza kwa nini nampeleka mahali ambapo hapiti mtu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila guu nililolivunja mimi halikuwa langu.

Maana huko, mwanangu, hata mkate unafuatwa kwa gari. Gari moja haikutosha, nikanunua kwa mkopo nyingine ya mke wangu, kisha ya tatu, eti ya kumtembezea mama. Ili kulipa mikopo nikashika na kazi ya jioni, na siku za mapumziko pia. Basi gari ya mama ikakaa bandani, kwa sababu dereva wake yuko kazini anailipia. Kila Ijumaa aliniuliza kama leo tutakwenda kwa Bi Zuwena, nami nikamjibu inshallah Ijumaa ijayo. Mwaka ukaisha hivyo.

Asubuhi moja akanipigia simu kazini, sauti imemkauka.

"Zuwena kaondoka. Wanazika adhuhuri. Njoo unchukue, nna ahadi."

Mke wangu alikwishatoka na gari yake, na ile ya tatu ilikuwa kwa fundi, mtaa wa Ghala. Nikatoka mbio. Kumfuata Ansab, kisha kwenda naye Hamriya, na njia kuu imejaa gari, kila gari na mtu mmoja ndani. Mama kavaa buibui lake, kapakata mfuko wenye udi na kafuri. Adhana ya adhuhuri ilitukuta bado tuko kwenye foleni.

Tulipofika, jeneza lilikuwa limeshatoka. Mama akaingia peke yake katika chumba alimokoshwa shoga yake. Sakafu ilikuwa bado imelowa. Nikiwa mlangoni nilimwona akichukua kitambaa, akapiga magoti, akaifuta sakafu ile mpaka ikakauka. Maji yakimwagika hayazoleki. Msemo huo nimeusikia tangu utoto, siku ile niliuona kwa macho. Niliona haya kumsogelea.

Njiani kurudi alisema neno moja tu.

"Hamriya nlikuwa na miguu miwili, nkifika nnapotaka. Wewe, baba, umenipa gari tatu, na kwa Zuwena sikufika."



Mwezi ule nikavunja sehemu ya banda nikamjengea baraza. Alikaa pale jioni, akitazama gari za majirani zikiingia kwenye mageti yao. Hakuna aliyeshuka kumwamkia. Si ubaya wao. Hawakumjua, na sisi hatukuwajua. Alipokufa, mke wangu hakujua kukosha, nikazunguka mageti yale nikigonga, natafuta mwanamke wa kunisitiria mama. Waliomkosha walikuwa wanawake wawili waliohitaji kwanza kuniuliza jina lake.

Sasa macho yangu hayaniruhusu kuendesha. Baraza ile naikalia mimi, nikisubiri mtoto wangu atoke kazini anitembeze.

Basi mwanangu, kiwanja usikinunue kwa kukitazama ukiwa ndani ya gari. Shuka, kizunguke kwa miguu wakati wa jua, ujiulize mama yako atafika wapi bila ya wewe. Kama hafiki popote, nyumba hiyo ni ghali hata ukipewa bure. Na ikitokea siku ukapewa kalamu ya kuchora mtaa, anza na njia ya mtu anayetembea, umwekee na kivuli. Gari itajitafutia pa kupita.

Mwenyezi Mungu akujaalie majirani kabla ya kuta, akupe mlango unaogongwa, na siku yako ikifika, baada ya umri mrefu, ukoshwe na mkono unaokujua. Amin.